Ukungu Unaoliwa

Mwanangu Editha,

Ukisikia harufu ya iliki inatoka jikoni, usidhani nimesinzia nikaacha kazi. Unga wa maandazi yako ya safari nimeshaukanda na kuufunika, na wakati unaumuka mimi nimekaa kwenye kigoda, karatasi juu ya kibao cha kukatia mboga, nakuandikia. Jua bado halijaligusa ziwa. Kwa dirisha hili nakuona uani unapembua mchele, na pembeni yako mume wangu anaparua samaki kwa fujo, magamba yanaruka mpaka kwenye nywele zake. Mume wangu! Nimeandika hilo neno na nimecheka peke yangu. Nivumilie. Vitambaa vya harusi bado viko mlangoni, na mwanamke wa umri wangu hakutegemea tena kupata kitu cha kumchekesha jikoni.

Sitakuandikia habari za chandarua, wala za kuchemsha maji, wala za kuwaamkia wazee wa huko uendako. Hayo unayajua, na utakayoyasahau utakumbushwa na majirani. Nina jambo ambalo nikilisema kwa mdomo nitalia, nawe ukiniona nalia utasema, "Basi Mama, yaishe," na litakuwa limeishia hapo kama mengine yote.

Leo mchana tukiwa mezani mume wangu, Mwalimu kama unavyomwita, alikuuliza gari la Mbinga linapita saa ngapi. Ukajibu huku unaangalia sahani: "Huenda nisipande."

Nikadhani sijasikia. "Usipande kivipi?"

"Nisiende, Mama. Hicho kituo cha Litumbandyosi wampe mtu mwingine."

"Ajira umeisubiri mpaka umekonda, leo unasema wampe mtu mwingine?"

"Nikisimama mbele ya darasa nahisi wote wananidanganya. Nauliza mmeelewa, wanasema ndiyooo. Natoa mtihani, mtihani unasema hapana. Mimi sina hicho kipaji. Bora niseme mapema kuliko kuharibu watoto wa watu."

Ukainuka na sahani yako. Mwalimu akafungua mdomo, nikamkanyaga mguu chini ya meza. Nilijua akianza yeye utamwitikia kwa heshima, "Ndiyo Mwalimu, asante Mwalimu," na hutasikia hata neno. Lakini sote watatu tunajua kwamba usiporipoti wiki hii kituo kinakwenda. Na ualimu ndiyo kitu pekee ulichowahi kukitaka tangu ulipokuwa unawapanga kuku wa bibi yako kule kwetu milimani, Mbuji, na kuwafundisha kuhesabu.

Kwa hiyo nisikilize. Kuna kitu kilitokea hapa ziwani ambacho wewe hukukiona, kwa sababu ulikuwa umeshaondoka.

Wewe unakumbuka siku ulipokimbia mazoezi ya kufundisha. Mimi nakumbuka siku ulipofika nyumbani. Ulishuka pale Mbuji na mkoba mdogo tu, macho yamevimba, ukasema watoto wa darasa la tano wa shule ya ziwani ni wakorofi, hawana adabu, hawafundishiki. Uliwafundisha jinsi maji yanavyopata joto yakawa mvuke, mvuke ukapoa ukawa ukungu na mawingu, mpaka mvua. Wakaitikia kila swali kwa sauti moja. Ukawapa jaribio, wakaandika vituko. Na siku mkufunzi wako alipokuja kukaa nyuma ya darasa na kalamu yake, ulimwomba binti mmoja, Tekla, aeleze ukungu kwa maneno yake mwenyewe. Akasimama akasema, "Ukungu unaliwa na ugali, Mwalimu." Darasa likaangua kicheko. Ukaona anakukejeli mbele ya mgeni, ukamwambia, "Toka nje, kaule huko huko."

Ulinisimulia hayo huku unapiga mto ngumi. Mimi nami nikawachukia wale watoto bila kuwaona. Mazoezi yalikuwa yanakaribia kwisha, ukaomba ruhusa kwamba unaumwa, na hukurudi tena. Godoro lako, ndoo zako na jiko lako vilibaki huku. Nikavifuata mimi.

Ufunguo wa chumba ulikuwa umeuacha kwa mwalimu wa sayansi aliyekuwa anakusimamia, mtu wa Singida aliyehamishiwa huku, jina lake Yona. Nilimkuta yuko kwenye kipindi, na kumbe ni darasa lako lile lile. Akaja mlangoni, chaki mpaka kwenye nyusi.

"Karibu sana. Wewe utakuwa mama yake Mwalimu Editha, mmefanana paji la uso. Ufunguo ninao mfukoni, lakini nikikupa sasa hivi utakosa kitu. Kaa hapo kwenye benchi kidogo."

Nikakaa, nimenuna. Nilisema moyoni, mwanaume gani huyu anayepanga nikose nini na nisikose nini?

Alianza kama ambavyo ungeanza wewe. Akauliza, "Ukungu ni nini?"

Darasa zima likaimba: "Ukungu ni matone madogo sanaaa ya maji yanayoelea hewaniii!"

Hata mimi huko barazani nikashangaa. Sasa mwanangu alishindwa nini hapa? Mbona watoto wanajua?

Lakini yeye hakuwapigia makofi. Alisema, "Sasa midomo ipumzike. Kila mmoja achore ziwa letu asubuhi, achore na ukungu unavyotoka. Hakuna maksi. Hata kalamu nyekundu nimeiacha ofisini."

Wakainama. Yeye akaanza kuzunguka taratibu, mikono nyuma, na mimi nikasogea dirishani kama mtoto mtoro. Editha, karibu kila karatasi ilikuwa na ziwa, na juu ya ziwa nguzo nyeusi imepanda mpaka mbinguni, imejaa nukta nukta. Nukta nyingine zilikuwa na miguu.

"Ukungu wako huu una mabawa?" Mwalimu akamuuliza mvulana wa dawati la mbele.

"Ndiyo Mwalimu. Usipokuwa na mabawa utapandaje?"

"Kweli. Na huyu mwenye kikapu?"

"Bibi."

"Anafanya nini?"

"Anaukamata."

"Akishaukamata?"

Mvulana akafunika mchoro kwa kiganja. Sauti ikatoka nyuma: "Muulize Tekla! Mla ukungu!" Kicheko kikalipuka. Nikamtafuta huyo Tekla niliyemchukia njia nzima kutoka Mbuji. Nilitegemea binti mkubwa, mjeuri. Alikuwa kitoto chembamba, shingo kama ya kuku, amelaza kichwa kwenye dawati na kujifunika kwa mkono.

Mwalimu akangoja kicheko kiishe chenyewe. Kisha akauliza, "Nani mwingine humu anakula ukungu?"

Hakuna mkono ulioinuka.

"Hakuna? Basi tuko wawili, mimi na Tekla. Mimi nililishwa na mama mwenye nyumba wangu nilipohamia hapa. Ulikuwa mtamu ila chumvi ilizidi."

Wee! Mkono ukainuka mmoja, halafu mingine, halafu yote. "Hata mimi Mwalimu!" "Sisi Mama anautia nyanya!" "Muongo huyo, kwao wanakuja kununua kwetu!"

Mimi Mmatengo wa milimani nilikuwa nimeduwaa. Sikujua, na wewe hukujua, kwamba kuna wadudu wadogo wanaotoka ndani ya ziwa asubuhi, kwa wingi mpaka ukiwatazama kwa mbali unaona moshi umesimama juu ya maji. Watu wa huku huwakamata, wakawakanda kama unga, wakawakaanga. Na kwa Kinyasa wanaitwa nkungu. Nkungu, Editha! Wewe ulisimama pale ukasema ukungu hutoka ziwani asubuhi na kupanda juu, na kila mtoto akaitikia kwa kichwa, maana kila mtoto ameuona, na ameula.

Kisha Mwalimu akauliza, "Mmesema ukungu ni matone ya maji. Matone ya maji tunayakaangaje?"

Wakatazamana. Binti mmoja wa dirishani, karibu yangu kabisa, akajibu polepole: "Jua likiyapiga yanageuka nkungu, Mwalimu. Yanapanda, yanakuwa mawingu. Ndiyo maana mawingu ya mvua ni meusi."

Laiti ungeuona uso wa Mwalimu! Alikaa kwenye ukingo wa dawati, uso umemng'aa kama mtu aliyeletewa zawadi. Akasema, "Hilo sikuwahi kulifikiria. Umelijengea sababu kabisa. Hebu tulijaribu." Akatuma sufuria ya chai ya walimu iletwe na mfuniko wake, akaufungua mbele yao, matone yananing'inia. "Haya, huu ni mvuke uliopoa. Nitafutieni nkungu hata mmoja."

Na wakatafuta kweli! Walisukumana, wakapanda madawati. "Namuona mmoja!" "Hilo ni jani la chai, wewe!" "Basi wameungua!" "Wangeungua tungesikia harufu." Hoja juu ya hoja, mpaka wao wenyewe wakafika mahali wakasema maji haya hayana mdudu, kwa hiyo hivi ni vitu viwili. Hapo tu ndipo alipoandika ubaoni maneno mawili, nkungu upande huu, ukungu upande huu, na kati yao akachora mstari.

Tekla akainua kichwa. "Kwa hiyo Mwalimu, mimi sikukosea?"

"Wewe ulijibu kwa Kinyasa swali lililoulizwa kwa Kiswahili."

"Mwalimu Editha alikasirika."

"Mwalimu Editha anatoka milimani. Ukungu wa kwao haukaangwi."

Wakacheka wote, na Tekla akacheka kuliko wote. Mimi nilicheka mpaka nikashika ukuta, halafu ghafla nikaumia. Nilikuona wewe, mwanangu, umesimama mbele ya wale watoto na ukungu wako wa Mbuji kichwani, ule unaolalia mibuni mpaka huioni nyumba ya jirani. Hakuna aliyekudanganya. Walikujibu ukweli kila walipokujibu.

Kipindi kilipoisha alinipa ufunguo. Nikamwambia kwa ukali kidogo, maana nilikuwa nakutetea, "Kwa hiyo mwanangu hajui kufundisha."

Akasema, "Mama Editha, mimi nimefundisha somo hilo hapa kabla ya mwanao. Wakaniimbia wimbo huo huo, nami nikaandika kwenye andalio la somo kwamba wanafunzi wameelewa. Unajua tunaandika lini hiyo tathmini? Kabla hatujaingia darasani! Mwanao ndiye wa kwanza kumwambia mtoto aeleze kwa maneno yake. Ndiye aliyelipata jibu la kweli, kutoka kwa Tekla. Bahati mbaya tu lilimfikia mbele ya mkufunzi, na lilikuwa limevaa nguo za kihuni."

Sasa umejua. Kile ulichokiita aibu yako, yeye aliporudi darasani alianza na hicho hicho. Usingemuuliza Tekla, naye asingejua.

Nilikusudia kukusimulia siku ile ile. Lakini ulikuwa hutaki kusikia hata jina la ziwa, na baadaye nikaanza safari zangu za kufuata usipa, hawa dagaa wa ziwani, wa kuuza Mbinga, na unajua usipa haukuwa peke yake uliokuwa unanivuta. Nilipata aibu. Ningekusimulia vipi habari za darasa bila uso wangu kunisaliti?

Sasa nikuambie habari za soda, na wewe ni mtu mzima, usijifanye huwezi kusikia. Siku ya kwanza alinikaribisha duka la pale wanaposimama magari, akanunua soda mbili za machungwa kutoka kwenye friji. Joto lilikuwa kali. Chupa ikawekwa mezani, mara ikaanza kutoka jasho, maji yakatiririka mpaka kwenye meza. Mimi nikachukua kanga nikaifuta, nikasema, "Waambie wabadilishe hii, inavuja."

"Inavuja?"

"Si unaona? Chupa zikipata baridi sana zinapitisha maji kidogo kidogo."

Mwanangu, mimi nimemaliza kidato cha nne. Huko sekondari niliandika kwa Kiingereza, neno kwa neno kama lilivyokuwa ubaoni, jinsi mvuke wa hewani unavyogusa kitu cha baridi ukawa maji, na nikapata maksi zote. Na miaka yote hiyo niliamini chupa zinavuja! Ile ya Kiingereza ilikaa chumba chake na hii ya jikoni ikakaa chumba chake, hazikuwahi hata kusalimiana.

Mwanaume mwingine angenicheka. Mwingine angenifundisha pale pale mpaka soda ikapata moto. Yona alisogeza kiti, akaniuliza kama mtu anayetaka kujua kweli, "Kama ni soda inayopita, hayo maji ya nje yangekuwa na rangi gani?"

Nikatazama kanga yangu. Haikuwa na doa.

"Na yangekuwa na ladha gani?"

Basi mama yako, mjane wa heshima, mwanachama wa kwaya, alipitisha kidole kwenye chupa akakilamba mbele ya watu wote pale. Maji matupu! Nilimtazama, akanitazama, tukaanza kucheka, na muuza duka akauliza kama soda imetuingia kichwani. Hapo ndipo nilipompenda. Wengine wanapendewa sauti, wengine mwendo. Mimi nilimpenda mtu aliyetaka kujua kilichokuwa kichwani mwangu kabla ya kukitoa.

Usidhani ni malaika. Anauliza mno. Juzi maharage yaliungua kwa sababu alikuwa ananiuliza nadhani kwa nini yanachelewa kuiva, na tulikuwa tunabishana vizuri sana kiasi kwamba hakuna aliyegeuka kutazama jiko. Na bado kuna siku anarudi kutoka shuleni kimya, nikimuuliza anasema, "Leo niliimbiwa tena, na nilipenda."

Lakini kilichonifanya nikae nikuandikie si ukungu wala soda. Ni kitu chetu sisi wawili.

Baba yako alipofariki ulikuwa hujaanza shule. Katekista alikushika mkono akakuambia kwa upole, "Baba ametutangulia." Nami nikachuchumaa mbele yako nikauliza, "Umeelewa, mama?" Ukasema, "Ndiyo, Mama." Hukulia. Watu wote msibani wakakusifu, wakasema mtoto huyu ana moyo. Nikashukuru Mungu kwamba angalau wewe umeelewa, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa sielewi kitu.

Tukaendelea na maisha. Ukawa mtoto mwema, mtulivu. Ulikuwa unapenda tu kuuliza lini tutakwenda Mbinga, nami nilidhani unataka maandazi ya sokoni. Msimu wa kahawa ulipofika nikakuchukua. Ulivaa gauni la kanisani, nikakwambia litachafuka kwenye magunia, ukakataa kulivua. Tuliposhuka mjini ukazunguka na macho kila upande, kisha ukanivuta kanga.

"Mama, baba amefikia nyumba gani?"

Nikasema, "Baba yupi?"

"Si alitutangulia?"

Editha, unakumbuka? Siku zote baba yako alikuwa anatangulia Mbinga na kahawa, halafu sisi tunamfuata. Hilo ndilo neno tulilolitumia nyumbani. Nilikuuliza umeelewa, na uliposema ndiyo ulikuwa hudanganyi. Ulielewa vizuri kabisa, ila kitu kingine. Ule moyo waliousifu watu haukuwa moyo, wewe ulikuwa unamngoja. Nilikaa chini pale pale kati ya watu na magunia, na wewe ukaanza kunipangusa vumbi ukidhani nimeanguka. Nikakueleza upya, kwa maneno ya wazi, na ndipo ulipolia. Ulilia kilio ambacho ungekilia msibani, mikononi mwangu na mwa bibi yako, lakini ulikilia sokoni kati ya wageni, kwa sababu mimi nilikuuliza swali ambalo lina jibu moja tu. Nani huwa anajibu hapana akiulizwa umeelewa?

Ungedhani nilijifunza. Wapi! Mwaka huu nilikukalisha nikakwambia Mwalimu Yona anataka kunioa, nikauliza, "Umekubali?" Ukasema, "Ndiyo, Mama." Nami nikaruka na furaha yangu kwenda kushona gauni. Sikukuuliza unadhani nini kitatokea baada ya hapo. Leo mchana uliposema hutaki kwenda, wazo moja lilinichoma: huenda unaogopa kuondoka kwa sababu unadhani ukitoka, mlango utafungwa nyuma yako. Au huenda ukienda utakwenda kwa sababu unadhani umeshafukuzwa kwa adabu. Sijui lipi, na nimechoka kukubuni. Chumba chako ni chako. Mwalimu amepigilia misumari ya rafu ya vitabu vyako humo, na misumari yote imepinda. Usiende ukidhani hapa hapakutaki, na usibaki ukidhani nahitaji kulindwa.

Ukienda, usijidanganye kwamba kwa sababu wewe ni Mmatengo basi watoto wa Litumbandyosi utawajua. Tulizaliwa kwenye milima ile, lakini sijui wanaamini nini kuhusu mvua, kuhusu mbegu, kuhusu kwa nini kidonda kinapona. Wewe pia hujui. Watakuimbia, mwanangu. Watoto wetu wamefundishwa kuimba tangu wakiwa wadogo, na wimbo ni mtamu kwa mwalimu aliyechoka. Mwalimu mkuu atakuuliza mada zimebaki ngapi, wenzako watakuambia unachelewa, na kuna siku utaujaza ule mstari wa tathmini kabla ya kipindi kwa sababu ndoo yako haina maji na umechoka. Ujaze. Kesho yake urudi uwaambie wachore. Na ukipata jibu la kihuni, lile linalofanya masikio yako yapate moto, muulize aliyelitoa amelijuaje. Ninayekuambia hivi ni mtu aliyelamba chupa.

Hapa nimesimama kidogo, maana huko uani umeacha kupembua. Naisikia sauti yako. Ngoja niandike kama ninavyosikia.

"Mwalimu."

"Naam, Editha."

"Hivi, ningewauliza wanafikiri nini, halafu wakanyamaza, ningefanyaje?"

"Ungenyamaza na wewe."

"Mpaka lini?"

"Mpaka uone aibu. Halafu unaongeza kidogo."

Umecheka. Mungu wangu, umecheka!

"Na mmoja akisema kitu cha ajabu, wenzake wakamzomea?"

"Hapo unawasimulia cha ajabu zaidi ulichowahi kukiamini wewe."

"Mimi sina."

"Mama yako anacho. Siruhusiwi kukisema."

Mmenyamaza. Najua anachofanya, anaparua samaki ambaye alishaisha kuparuliwa. Haongezi neno. Mmekaa hivyo mpaka mimi huku jikoni nimeona aibu kwa niaba yenu. Sasa umesema, kwa sauti ya chini, kama mtu anayejisomea mwenyewe:

"Nitaanza na mvua. Nitawauliza inatoka wapi, kabla sijafundisha chochote."

Nitaanza. Nitawauliza. Hivi punde ilikuwa ningewauliza. Nimesikia, mwanangu, na moyo wangu umeshaanza kuruka kama kawaida yake. Lakini safari hii sitajibu kwa niaba yako. Kalamu naiweka chini, natoka nje nikuulize mwenyewe, na nitangoja mpaka uniambie.

Mama yako,
Kandida